Kichwa Kilichosukwa Nusu

Wanawake wa mtaa ule walimwita Kaburi, kwa mzaha, kwa sababu lolote ulilomwambia ukiwa umekaa kwenye kiti chake cha kusukia lilizikwa papo hapo. Nani kafumaniwa, nani anamficha mumewe mshahara, yote aliyasikia, akaitikia "Mh", akaendelea kugawa nywele kwa chanuo. Ndiyo desturi ya wasusi. Mteja akishainamisha kichwa mdomo unafunguka, na msusi hana masikio. Ukienda kinyume, funga saluni ukauze nyanya.

Jumatatu saluni haifunguliwi. Siku hiyo Kaburi alimfunga mwanawe mgongoni, akatia vitana na mafuta kwenye mfuko, akaenda kwenye kituo cha watoto nyuma ya gereji. Nyumba ya vyumba vinne, geti la bati. Huko wanapelekwa watoto waliopigwa na watu wao wenyewe, waliofungiwa ndani, waliolazwa na njaa huku wenye nyumba wanakula. Aliwasuka wasichana bure. Mtaani walimsifu sana, "Mungu akuzidishie, mama," ila ukimwomba mtu hata kipande cha sabuni cha kupeleka kule, ghafla kila mmoja ana haraka zake.

Kulikuwa na binti mmoja wa miaka saba hivi. Walezi walimpachika jina Sisimizi, kwa kuwa kila akila hubeba kidogo akakifiche chini ya godoro. Kumsuka huyo kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza unamwonyesha mikono yote miwili, mbele na nyuma, aone haijashika kitu. Ndipo anakaa. Juu ya sikio la kulia alikuwa na doa la ngozi nyororo lisiloota nywele.

"Hapa palifanyaje, mwanangu?"

"Nilianguka."

"Mh," akasema Kaburi, akavuta mistari ikalifunika lile doa.

Ijumaa moja akaingia Shangazi. Mtaa mzima walimwita hivyo, na kwa Sisimizi alikuwa shangazi kweli, dada wa baba. Ndiye aliyebaki naye wazazi walipofariki. Majirani ndio waliosikia vilio wakaita polisi, mtoto akapelekwa kule kituo cha watoto. Shangazi alizunguka akisema ni fitina, na watu wakamwamini, maana alikuwa mcheshi, mnene wa vicheko, kila sherehe msimamizi ni yeye. Akihama saluni, nusu ya mtaa inamfuata.

Alijitupa kitini. Kwenye benchi Muuza Mkaa alikuwa anasubiri zamu yake.

"Kaburi wangu, leo nisuke nionekane mtu na heshima zangu. Jumatatu naitwa ustawi wa jamii. Nakwenda kumchukua mtoto wangu."

"Mh."

"Damu ya kaka yangu inalelewa na watu baki, aibu gani hii? Halafu mimi mgongo umekwisha. Maji mimi, vyombo mimi! Lile jitoto lilikuwa linaamka alfajiri, nikitoka kulala nakuta nyumba nzima inang'aa."

Muuza Mkaa akacheka. "Si wanasema ulimchoma?"

"Ah, kijiko tu! Shoga, alidokoa nyama sufuriani. Nikakitia kijiko kwenye moto, nikamgusisha hapa juu ya sikio. Nywele zikalia chwaa! Ungemwona alivyoruka, panzi mtupu!" Akacheka mpaka kiti kikalia. "Nikamwambia, ukiulizwa, ulianguka. Na anasema hivyo hivyo. Nimemfunza."

Mikono ya Kaburi ikasimama. Upande wa kushoto wa kile kichwa mistari ilikuwa imenyooka vizuri. Wa kulia nywele zilisimama timtim. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, ikafika kwenye vidole. Akaliweka chanuo chini kabla halijafanya jambo.

"Inuka."

"Nini?"

"Inuka kwenye kiti changu."

"We Kaburi, umerogwa? Malizia kichwa!"

"Kamalizie huko ulikojifunzia kuchoma vichwa vya watoto."

"Mdogo wangu, punguza," Muuza Mkaa akadakia. "Haya ni maneno ya saluni. Sote tuna mambo tumekuambia hapa."

"Na nitakufa nayo, dada. Ya mabwana zenu, ya mikopo yenu, nitakufa nayo. Hili silibebi. Mtoto si umbea!"

Shangazi akasimama mbele ya kioo, nusu bibi harusi, nusu jini. "Utakula nini, mwanamke wewe? Hapa kibarazani kwako hatapita hata nzi!"

"Nzi nitawakaribisha. Toka."

Jumatatu Shangazi alifika ofisi ya ustawi kajifunga kilemba kikubwa. Kaburi alikuwa ameshafika, ameketi nyuma. Alikuwa amemwomba Muuza Mkaa aje aseme alichosikia. Akajibu ana magunia ya kupakua. Mlezi wa kituo alimleta Sisimizi, aliyekuwa anatazama sakafu tu. Afisa akamuuliza kwa upole kilichompata kichwani.

"Nilianguka."

"Mmesikia wenyewe!" Shangazi akapiga makofi.

Afisa akashusha pumzi, kama mtu aliyekwisha shindwa. Hapo Kaburi akasimama, mwanawe mgongoni.

"Hakuanguka. Huyu mama alisema kitini kwangu, kwa kinywa chake." Akayasema yote, la kijiko, la panzi, la kumfunza mtoto jibu.

Shangazi akaruka. "Msusi gani wewe! Maneno ya saluni unayaleta ofisini? Nilikuwa nachekesha watu!"

"Kwa hiyo uliyasema," afisa akamwambia.

Shangazi akakivuta kilemba chake chini. Sisimizi akainua macho, akamtazama Kaburi usoni kwa muda mrefu.

Mtoto akarudi kituoni. Afisa akawaita askari, wakaondoka na Shangazi akitukana mpaka barabarani.

Na mtaa ulimkasirikia nani? Kaburi! Walimbandika jina jipya, Redio. Benchi likabaki tupu, wanawake wakawa wanavuka barabara wasikutane naye, wale wale waliocheka habari ya kijiko ilipowafikia. Mwisho akaja Muuza Mkaa, amesimama pembeni ya baraza kama mwizi.

"Mdogo wangu, nisuke. Leo sisemi kitu."

"Siku ya kusema ilipita, dada. Ukitaka kusukwa, njoo Jumatatu kituoni, ukae kwenye foleni nyuma ya watoto. Na uje na ndoo, kuna mashuka ya kufua."

Muuza Mkaa akasonya, akaenda zake.

Jumatatu hakuja. Kaburi alisuka vichwa vyote, kisha akafua mashuka yote, akiyakamua mpaka viganja vikamwuma.