Kuanzia Simu Ipi

Kila mtu Xiaobei, mtaa wetu wa Waafrika hapa Guangzhou, huniuliza habari za pengwini. Muuza chapati huniuliza, mawakala wa mizigo huniuliza, na kuna Mkenya mmoja mnunuzi wa taa za sola ambaye kila akija mjini hunishika mkono kwenye foleni ya lifti ya jengo la Tianxiu na kusema, "Siste, sema ukweli, ulishika hata moja?" Pengwini sikuona. Tulikuwa kwenye ncha ya kusini ya dunia, ndani kabisa, juu ya mto wa barafu, mbali na bahari, na hakuna ndege mwenye akili timamu anayekwenda huko. Tulikuwako sisi, makontena mawili mekundu, mahema, na milingoti ya kupimia hali ya hewa ambayo maabara yetu hapa Guangzhou imekuwa ikisoma namba zake tangu mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi Tanga.

Wakishasikia hakuna pengwini, hamu huwaisha. Afadhali, kwa sababu swali la pili lingekuwa kama ni kweli mama yangu alikufa nikiwa kule. Ni kweli. Huwa nalijibu kwa sauti ileile ninayotumia kumwambia mteja sokoni kwamba saizi yake imekwisha.

Nilikuja Guangzhou kusoma, nikabaki. Asubuhi niko maabara, nakagua namba zinazoshuka kutoka kwenye setilaiti: joto, upepo, kimo cha theluji, saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka. Mchana huenda soko la Zhanqian kuwatafsiria akina mama wa Kariakoo wanaonunua nguo za jumla. Ni kazi mbili zisizojuana. Kule ncha ya dunia nilikuwa nakujua kwa namba tu, nami nilikuwa nimeridhika, maana sipendi baridi na sipendi kambi. Halafu msimu mmoja mke wa mwenzetu akakaribia kujifungua, nafasi yake ikabaki wazi, na laoshi, mwalimu anayetuongoza maabara, akanitazama mimi.

Mama alikuwa tayari anaumwa moyo. Miguu imevimba, analala kwa kuegemezwa mito, dada yangu mkubwa anamuuguza nyumbani Ngamiani. Nilimpigia kumwambia kwamba siendi.

"Huendi kwa sababu gani?" akauliza. "Mimi nina dada yako hapa. Hiyo barafu ina nani?"

Basi nikaenda.

Simu ya setilaiti ilikuwa moja kambini, na zamu yangu ilikuwa Jumapili. Si simu ya kupiga soga. Unasema, unangoja, sauti inapanda juu na kushuka Tanga, na ukikosa subira mnagongana maneno. Jumapili ya kwanza mama alishika simu mwenyewe. Aliuliza baridi ni kiasi gani, nikamtajia. Akasema, "Astaghfirullah. Funga kichwa, mwanangu." Ndiyo mazungumzo yote. Wengine walikuwa wanangoja zamu yao nyuma yangu.

Kuanzia hapo akawa anapokea dada. "Mama anaendelea vizuri. Amekula uji, amelala." Nami nikimaliza nasema, "Mwambie nimefunga kichwa." Mara nyingine nilimsimulia dada mambo ya kambi apate kitu cha kumpelekea mama. Nilimwambia jinsi tunavyokwenda chooni upepo ukivuma, kwamba choo ni kihema kilichojitenga, na theluji ikirushwa huoni hata kiganja chako, kwa hiyo mtu hujifunga kamba kiunoni kabla ya kutoka, na wenzake wakiona anachelewa humvuta. Dada alicheka mpaka simu ikakwaruza. Jumapili iliyofuata sauti yake ilikuwa na mwangwi, nikamtania, "Mbona unasikika kama umetumbukia kisimani?" Safari hii hakucheka. Akasema tu, "Mama anaendelea vizuri. Amekula uji, amelala."

Nikasema mwambie nimefunga kichwa, nikakata.

Kazi yetu kubwa kule ilikuwa kufukua. Theluji hupanda kila mwaka na mlingoti haupandi, hivyo kila msimu watu huja kuurefusha na kuvipandisha vipimajoto. Safari hii tulichelewa. Vipimajoto viwili vya chini vilikuwa vimeshafunikwa, na hilo ndilo jambo ambalo laoshi alitaka nilione kwa macho, mimi niliyezoea skrini. Kipimajoto kikifunikwa hakizimiki. Kinaendelea kutuma namba kila saa, na ni namba nzuri ajabu: jua likipanda hazipandi, upepo ukichachamaa hazishtuki. Asiyejua huzifurahia. Laoshi, ambaye huwa hasemi sana, alisimama ukingoni mwa shimo tulilochimba, pua imemwiva, akasema, "Namba ikitulia sana, iogope." Tukavikuta vyote viwili chini kabisa, vimegandiwa na barafu, vinafanya kazi kwa bidii.

Nilikubali kwa kichwa. Jumapili nikampigia dada, akaniambia mama amekula uji, amelala.

Sitaki kumfananisha mama na kipimajoto. Watu wanaoandika hupenda mambo ya namna hiyo. Nasema tu nilikuwa nimefundishwa, nimeonyeshwa na shimo lenyewe, na bado sikusikia.

Hata tulipofika bandarini na simu yangu ikapata mtandao, dada alisema simu ya mama imeingia maji. Kundi la ukoo lilikuwa kimya, hakuna picha wala utani. Nilidhani wamegombana tena kuhusu lile shamba.

Nilirudi Guangzhou wakati kuta zinatoka jasho. Ni majira yanayokuja kila mwaka kabla ya joto lenyewe. Sakafu inateleza, vioo vinalia machozi, nguo haikauki hata uining'inize wiki. Nililala kama gogo. Asubuhi mlango ukagongwa, nikafungua, nikawakuta watu watatu wa nyumbani: mama mmoja wa Kizanzibari mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo Tianxiu, ambaye sote tunamwita shangazi, na nyuma yake mama wa Dar na mumewe.

Ieleweke kwamba watu wetu wa hapa hawatembeleani asubuhi. Asubuhi ni ya soko. Wakija watatu, mikono mitupu, hawana fuko wala sampuli, na mmoja ni mwanamume aliyevaa kanzu siku isiyo Ijumaa, mtu mwingine yeyote angeelewa palepale. Mimi nilifikiri wamekuja kunipa pole ya safari. Nikawauliza kama wanakunywa chai.

"Vaa baibui, mwanangu," shangazi akasema. "Twende ofisini, kuna mzigo wako umekuja kutoka Tanga."

Nilifurahi. Nilidhani ni dagaa.

Kwetu aliye mbali hapewi habari ya msiba kwenye simu, akiwa peke yake, akaanguka hana wa kumshika. Hutafutwa watu wamfuate. Dada alikuwa ameitafuta namba ya shangazi kutoka kwa mtu wa Kariakoo aliyeipata kwa mtu mwingine, na tangu hapo shangazi alikuwa anangoja meli yetu kuliko sisi tulivyoingoja. Ukoo mzima ulikatazwa kuandika lolote. Najua haya ni mapenzi. Nilijua hata siku ile, na sikuona pa kuyaweka.

Waliniambia nikiwa nimeshakaa mkekani, kati ya marobota ya nguo, shangazi amenishika mkono wa kulia, mama wa Dar wa kushoto, tayari kunidaka. Mama amefariki. Ameshazikwa. Arobaini yake iko karibu. Nikasema, "Sawa." Wakaendelea kunishika. Nikasema tena, "Sawa, nimesikia."

Matanga yakawekwa palepale ofisini, maana hapakuwa na pengine. Marobota yalisogezwa ukutani, mzani ukafunikwa kanga. Ofisi ya jirani waliendelea kufunga mizigo, na kisomo chetu kikawa kinasikika kati ya sauti za utepe wa gundi ukichanwa. Laoban, mwenye duka la mabegi, aliingia kufuata oda yake, akaona wanawake wamekaa chini, akarudi kinyumenyume, na baadaye akaleta katoni ya maji. Mkenya wa taa za sola alikuja akachuchumaa mlangoni. "Aki pole sana, siste," akasema, na siku ile hakuuliza pengwini.

Akina mama walikuwa wananingoja nilie. Niliwaona wakipeana macho. Mmoja alinisogezea leso mapema, ikakaa magotini kwangu imekunjwa vilevile mpaka jioni. Mimi pia nilikuwa najingoja. Nilijaribu kumfikiria mama kwenye mito yake, nikajikuta nawaza betri za mlingoti. Chakula kilipokuja nilikula sahani nzima ya biriani, nikaongezewa, nikala. "Bado haijamwingia," shangazi akamnong'oneza mwenzake. Alisema kweli, ila mimi nilihisi imeshaniingia na kupita.

Baada ya siku tatu nikarudi maabara. Nilipewa kazi ya vile vipimajoto viwili. Namba za kipindi vilipokuwa vimefunikwa hufutwa, pakabaki pengo, na pengo huachwa wazi, hatulijazi kwa kubuni. Lakini kabla ya kufuta lazima ujue namba ya kweli ya mwisho ni ipi. Ukikata mapema unatupa kitu kizuri, ukichelewa unabakiza uongo. "Kuanzia lini?" laoshi akauliza. Unarudi nyuma taratibu, saa baada ya saa, unatafuta mahali ambapo kipimajoto kilishtuka kwa mara ya mwisho, jua lilipotoka au upepo ulipogeuka. Nilipapata kabla ya chakula cha mchana. Nikafuta namba zilizofuata, nikaenda kula.

Kumuuliza dada swali hilohilo kulinishinda. Alinipigia karibu kila siku, naye alikuwa anaongea kama mtu anayekanyaga vioo. Alidhani nimemkasirikia. Natamani ningekuwa nimekasirika, ningepata la kumwambia. Nilimjibu sawa, ndiyo, nimekula, nimelala. Nikajisikia ninavyojibu, nikakata simu.

Nilichotaka ni kitu kimoja, na nilikuwa nakiogopa. Katika zile Jumapili zote, ni ipi mama alikuwa hai? Huenda alikufa mara tu baada ya "funga kichwa", na yote niliyosimulia baadaye nilikuwa namsimulia marehemu. Nilijua tarehe ipo, imeandikwa kwenye cheti na kwenye kaburi, na yeyote angenitajia. Sikumruhusu mtu anitajie.

Nilimpigia dada mchana mmoja nikiwa kwenye ngazi za Tianxiu, lifti zimejaa, ukuta niliouegemea umelowa. Sikumsalimu.

"Dada. Kuanzia simu ipi?"

Hakuuliza namaanisha nini. "Ile uliyosema nimetumbukia kisimani," akasema. "Nilikuwa chooni kwa jirani. Ilikuwa siku ya hitima, nyumba imejaa watu wanasoma. Nikajifungia kule usisikie kisomo. Alikufa Alhamisi iliyotangulia, alfajiri, tukazika alasiri."

"Kwa hiyo ile ya kabla yake..."

"Ile ya choo chenu? Alikuwepo. Niliiweka simu kwenye spika, kifuani kwake. Hewa ilikuwa haimtoshi, akaniashiria nikwambie amelala, usije ukamsikia anavyohema ukataka kurudi. Alikusikia mwanzo mpaka mwisho, mdogo wangu. Unafikiri mimi ndiye niliyecheka vile?"

Nilisema nakumbuka simu ilikwaruza.

"Alicheka mpaka nikaogopa nimemuua. Halafu usiku mzima akawa ananisumbua, kila akipata pumzi, hiyo kamba wanaifunga wapi. Nikamwambia mama, mimi nitajuaje? Akasema mwulize Jumapili. Sasa Jumapili ndiyo ikawa ile ya hitima."

Wapagazi wawili walikuwa wanashuka na robota, wakanipigia kelele niwapishe. Nikajibana ukutani.

"Kwenye nguzo ya kontena," nikasema. "Ni chuma, haing'oki. Na kamba yenyewe nene. Mwambie..."

Nikasikia nilichokisema. Dada naye alikisikia. Nikakaa chini kwenye ngazi, kwenye maji, nikalia kwa sauti mpaka mlinzi akapanda kuangalia kuna nini, na dada akalia upande wake. Laini ya Guangzhou haichelewi kama ya kule barafuni, kwa hiyo tulisikiana papo kwa papo.