Ukuta wa Chumbani kwa Mama

Miaka ile uchimbaji wa dhahabu ulipopamba moto, ukitaka fundi umeme Nyamongo ilibidi kwanza umtoe machimboni. Wote walikuwa huko kwenye machimbo ya Nyakunguru wakifunga pampu za kutoa maji mashimoni, na nani angeacha kazi ile aje kuhangaika na nyumba ya zamani ya mjane? Ndiyo maana kaka yangu, naye mchimbaji, aliamua kubadilisha waya za nyumba ya mama yeye mwenyewe. Alikusanya waya zilizobaki kwenye pampu, akanunua swichi, akamaliza kwa siku moja. Jioni akanipigia simu kujitapa kwamba mafundi wanakula hela zetu bure.

Mvua zilipoanza, ukuta wa chumbani kwa mama ukaanza kupiga shoti.

Mama aliniambia habari hiyo kwenye simu katikati ya habari za kuku. Mimi nilikuwa naishi Tarime mjini, na hasira zangu huwa haziko mbali. Nilifika siku hiyohiyo nikamwambia achague: nimtafutie fundi wa kweli, au ahamie kwangu. Akasema hawezi kuliacha kaburi la baba liote nyasi. Basi. Nilimpigia kaka, nikamfokea mpaka nikachoka, naye hakujibu hata neno moja. Nilichokuwa nakiona kichwani ni mkono wa mama ukipapasa ukuta ule gizani.

Fundi nilimpata Sirari mpakani, mtu mpole kutoka upande wa Kenya.

"Hii stima mlifungiwa na nani, dada?" aliuliza akiangalia dari la sebuleni.

Nikamwomba asiniulize. Aling'oa waya zote za sebuleni na jikoni, akafunga mpya, kazi safi kabisa. Kilibaki chumba cha mama. Hapo mama akarudi kutoka shambani, fundi akamwamkia shikamoo, na kama ilivyo kawaida yetu wakaanza kuulizana ukoo. Mara mama akajifunika uso kwa kanga, akakimbilia jikoni. Kumbe mke wa fundi alikuwa binti wa dada yake mama, aliyeolewa Kenya. Kwetu huyo ni mkwe kamili, na mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake.

"Siwezi, dada," fundi alisema akiangalia chini. "Hata ungenilipa dhahabu."

"Kwa hiyo mama yangu afe kwa sababu ya heshima?"

"Acha kelele," mama alisema kutoka jikoni. "Ingia wewe."

Nikaingia. Fundi alizima mein swichi, akanipa tesita ya kupimia umeme na plaizi, akaenda kusimama nje ya dirisha akiwa ametugeuzia mgongo. Akawa ananielekeza.

"Gusa waya na tesita. Imewaka?"

"Haijawaka."

"Basi shika, usiogope."

Niliogopa sana. Nilisogeza kabati, nikakuta waya umetokea kwenye tundu la ukuta wa sebuleni, ukaungwa na waya wa swichi kwa fundo la kufungia mbuzi, kisha ukaviringishiwa mfuko wa sukari. Plasta pale ilikuwa imelowa chapachapa. Nikaanza kumtukana kaka upya.

"Usimtukane," mama alisema. Alikuwa amekuja kusimama mlangoni. "Hapo nilifunga mimi."

Yakanijia yote. Kaka ni mwanamume aliyetahiriwa, naye pia haingii chumbani kwa mama. Alisukuma waya tunduni, akamwelekeza mama kwa sauti akiwa sebuleni. Na nilipomfokea alinyamaza, asimtaje mama. Nilicheka mpaka fundi akauliza kuna nini.

Nilikata lile fundo, nikaunga upya kama nilivyoambiwa, nikazungusha tepu ya umeme. Fundi akaenda kuwasha, akarudi dirishani. Taa iliwaka. Niligusa ukuta kwa tesita na haikuwaka, lakini nilikuwa sijiamini hata kidogo. Siwezi kumwachia mama ukuta ambao mimi mwenyewe nauogopa. Nikanyoosha mkono.

Mama akanisukuma kwa bega, akabandika kiganja chake kizima ukutani.

"Wewe una watoto wadogo," alisema.

Hakuna kilichotokea. Fundi aliita kutoka nje, "Vipi huko ndani?" Nilikuwa nimemkumbatia mama kwa nguvu, nalia kwa hasira, naye ananiambia nimwachie, mkwe hajala.