Kompyuta Iliyojiwasha Kakuma

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya shirika la kanisa mjini Lodwar, mwaka wa 2012, nilikuwa na mvi kichwani na muda mfupi tu wa kazi uliosalia. Nilikuwa nimekula chumvi nyingi nikitengeneza mashine za taipu huko Bungoma. Kompyuta nilijifunza uzeeni, tena kwa ubishi, kwa sababu kijana mmoja aliniambia sitaweza. Meneja wa Lodwar alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mzee Wafula, hapa tuna maadui wawili, vumbi na stima. Stima hupotea ikitaka. Ikirudi, nataka nikute kompyuta zangu ziko macho."

Nikampa alichotaka. Ndani ya kila kompyuta kuna bodi kuu, yaani kile kibao ambamo vifaa vyote huchomekwa. Bodi hiyo ina mipangilio yake yenyewe, na mmoja huamua mashine ifanye nini stima ikirudi: ibaki imezimika au ijiwashe. Niliziamuru zote zijiwashe. Meneja akafurahi, nami nikatembea Lodwar nzima kifua mbele.

Mwaka uliofuata, Msimamizi wa ofisi yetu ya Kakuma alinipigia simu. "Fundi, panda gari uje. Kuna mtu anafungua kompyuta yangu."

Wewe unayesoma pengine umeshang'amua. Mimi, na ufundi wangu wote, wala sikushtuka.

Msimamizi huyo alikuwa mama wa Nyeri, mchapakazi asiyependa mzaha. Ofisi yake ilitegemea jenereta iliyonguruma usiku na mchana, ikazimwa saa saba hadi saa nane mchana tu, ipoe wakati watu wanakula. Kabla ya kutoka, yeye alizima kompyuta yake vizuri kabisa. Kila aliporudi aliikuta inawaka, ikidai neno la siri. Ndani mlikuwa na majina ya watoto wa kambi ya wakimbizi walioombewa karo, siri ya kulindwa kweli. Na ufunguo wa ofisi, saa hizo za chakula, ulikaa na Nyandeng, karani aliyekuja Kakuma akikimbia vita Sudan Kusini. Posho ya kazi hiyo ndiyo iliyolisha wadogo zake watatu. Msimamizi alikuwa amemtaja kuwa ndiye mshukiwa, mbele ya wafanyakazi wote kwenye maombi ya asubuhi. Mimi nilifika Alhamisi, na Ijumaa ndiyo ilikuwa afutwe kazi.

"Ufunguo nilikuwa nayo, mzee," Nyandeng aliniambia, "lakini kompyuta sikugusa. Mungu anajua."

"Mungu hajaniandikia ripoti," alisema Msimamizi.

Nikaanza na kitufe cha kuwashia, maana kikikwama kwa vumbi huweza kuwasha mashine chenyewe. Kilikuwa safi. Nikachomoa kibodi, kwa kuwa zipo kompyuta zinazoamka herufi yoyote ikiguswa. Nikachomoa na waya wa mtandao, ambao kompyuta moja huweza kuutumia kuamsha nyingine. Saa saba ikafika sijapata kitu, jasho linanitiririka. Msimamizi akaizima kompyuta kama kawaida, kisha jenereta ikazimwa. Nikamwomba Msimamizi asiende kula, tukae watatu tuitazame hiyo mashine.

Tulikaa saa nzima, naye alikuwa na njaa, na njaa haikumpendeza. Saa nane mlinzi, Ekai, akaiwasha jenereta. Ikakohoa, feni ikaanza kuzunguka, na kompyuta ikawaka. Sisi watatu tulikuwa mbali nayo, mikono mapajani.

Nikaigeuza. Nyuma palikuwa na kibandiko cha ofisi ya Lodwar, na chini yake sahihi yangu. Kumbe ilihamishwa kutoka Lodwar mwezi uliotangulia, na amri yangu ya kujiwasha bado ndani.

Nakiri, uongo ulinijia upesi. Ningesema ni vumbi, nani angebisha? Vumbi la Turkana limesingiziwa mengi, na mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache niage kwa heshima. Nyandeng akaniuliza taratibu, "Umepata mtu, mzee?"

"Nimempata," nikasema. "Ni mimi." Nikawaeleza yote, nikiona haya kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Msimamizi akacheka mpaka akavua miwani. "Nimemtafuta mwizi wiki tatu, leo nimemlipia na nauli! Nyandeng, pole mwanangu. Rudi kazini."

Nyandeng hakucheka. "Hapana, Madam. Jina yangu ulitaja kwa maombi. Uitengeneze kwa maombi."

Niliona uso wa Msimamizi ukibadilika. Lakini alikuwa mtu wa haki. Ijumaa asubuhi, badala ya kumfuta, alisimama mbele ya wote akamwomba msamaha, nami nikasimama kando yake nikasema kosa langu lote. Ekai akaniambia hajawahi kufurahia maombi namna ile. Mpangilio wenyewe niliubadilisha kwa dakika mbili.

Nilistaafu mwishoni mwa 2013. Siku ya kuniaga nilisifiwa hadi nikadhani wanamzungumzia mtu mwingine. Meneja alisifu mikono yangu, Msimamizi akasifu subira yangu, ambayo sina. Nimesahau karibu yote. Nyandeng alikuja kutoka Kakuma, akasimama mwisho, akasema maneno machache tu, kisha akaketi.

"Huyu mzee alikosa, akasema amekosa."

Hayo ndiyo niliyorudi nayo Bungoma.