Pumzi ya Ugali Ngitilini

Nduuu. Ile pampu ya mashine ilivuma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa ya soda. Mpaka leo nikiukumbuka mvumo ule namkumbuka aliyekuwa ameishika mashine yenyewe. Si mimi.

Tulikuwa kwenye ngitili ya bibi mmoja, nje kidogo ya Shinyanga, malisho yanayofungwa ili nyasi na miti vipumzike. Mtafiti wa chuo alitaka kujua hewa ya ukaa inayotoka ardhini ni ya nyasi au ya miti. Mashine iliimulika kwa mwanga wa leza, ikapima kaboni nzito na nyepesi. Ya nyasi na mahindi, alituambia, ina ile nzito nyingi kidogo kuliko ya miti. Nikaelewa hapo hapo, nikaipenda kazi.

Lakini kioo cha mashine alipewa dada, binti wa mama mkubwa, kwa kuwa alimaliza kidato cha nne. Mimi niliyeishia cha pili nikapewa kofia, yaani beseni la chuma la kufunikia pete zilizozikwa udongoni. Yeye kidole kimoja tu, tii, namba zinapanda. Mimi jasho. Na wa kwenda Geita na mashine, kazi ikihamia huko, alitakiwa mmoja. Nilishajiona huko nimevaa buti! Nilimpenda dada, ila siku hizo hata kucha zake zilinikera.

"Mkiwa kwenye pete, msipumulie," mtafiti alituonya.

Asubuhi moja nipo chini ya mgunga, kofia sijaibana, mara bibi mwenye ngitili huyo na kuni zake kichwani. Ningefanyaje? Nikapiga magoti palepale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mayu. Mama hajambo? Ng'ombe je? Na yule kaka yako wa Kagongwa, kaoa?"

Salamu za kwetu hazikatwi katikati, hasa ukishaitwa mayu, yaani mama. Nikajibu zote, uso juu ya pete.

"We! Namba zimeruka!" dada akapaza sauti.

Mtafiti akatazama kioo, akacheka mpaka akakaa chini. "Chini ya mti, halafu kaboni ya mahindi? Udongo huu umekula ugali?"

"Ni huyo," dada akasema, akininyooshea kidole. Yeye alimsalimia bibi kwa kutikisa kichwa tu, macho kiooni. Bibi aliguna. Mtafiti hakuguna. Geita akaenda dada.

Alipanda gari ameipakata mashine kama mtoto mchanga. "Mdogo wangu, nikuletee nini?"

"Kanga," nikasema, nikicheka. Nilichotaka ni kile kioo.

Gari lilipopotea nikarudi ngitilini kukusanya vigingi. Chini ya mgunga walikuwa wamesahau pete moja. Nikapiga magoti, nikainama, nikapumua ndani yake polepole, mpaka kifua kikaishiwa hewa.