Vitambaa Vyeusi kwenye Mizinga ya Clifford

Kuanzisha biashara hakukumshinda Clifford Garbutt hata siku moja. Alinunua ngamia kutoka kwa watu wa sarakasi ili abebe watoto ufukweni Scarborough. Punda wa pale walipomwona, wakatimua mbio na watoto wa watu mgongoni. Akanunua puto la hewa moto la kuwazungusha wageni juu ya vilima, likatua uani kwa kasisi, juu ya nguo zilizoanikwa. Akapakia wastaafu kwenye basi bovu kuwapeleka Uhispania. Basi likafia Ufaransa, nao wakarudi wakiapa kwamba hawajawahi kufurahi vile. Pale kijijini Skelderby watu walimpenda sana, na haikuwa vigumu kumpenda, maana hakuna aliyekaa naye nyumba moja.

Aliyekaa naye ni Muriel, mkewe, na yeye alishajifunza kusikiliza. Clifford akipiga mbinja huku ananyoa ndevu, ujue kuna jambo. Akisema "kuna mtu fulani", basi mtu huyo hayupo. Kulikuwa na mtu fulani wa Hull mwenye friji kubwa, mtu fulani wa Leeds anayejua bei ya manyoya ya sungura. Muriel hakumwona hata mmoja wao akija kunywa chai.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1987, wazo lilikuwa mwani.

"Tuuze nyumba tuhamie Shetland," Clifford alisema, mdomo umejaa mkate. "Mwani, Muriel. Wajapani wanaula, Wafaransa wanajipaka usoni. Kule umelala tu mawe kwa mawe, hauna mwenyewe."

"Nyumba ya baba yangu niiuze kwa sababu ya majani ya baharini?"

"Kuna mtu fulani kule mjini Lerwick..."

"Nilijua atakuja."

Muriel alizaliwa kwenye chumba cha juu cha nyumba ile na alikusudia kufia humo. Lakini kilichomkosesha raha zaidi ni jina la Shetland. Clifford alikwenda visiwa vile akiwa kijana, kununua samaki, kabla hawajaoana. Kisha mafuta yalipopatikana kwenye bahari ya kule akaenda tena, akawauzia chai na soseji mafundi wa mabomba kwa miaka mitatu, anarudi nyumbani Krismasi tu. Muriel alipomuuliza kule kuna nini, alijibu, "Upepo." Mwanamke mwenye akili zake haamini kwamba mume anakaa miaka mitatu kwa ajili ya upepo. Aliamini kuna mwanamke, na kwamba nyumba ya baba yake inauzwa ili mwanamke huyo asogelewe.

Dalali akaja akapima vyumba. Karatasi zilikuwa zitiwe saini Ijumaa.

Jumatatu ya wiki hiyo simu ikalia. Clifford akaipokea ukumbini, mgongo ameuelekeza jikoni. Muriel akafunga bomba la maji ili asikie. "Ndiyo," Clifford alisema. "Ndiyo. Asante kwa kunipigia." Akarudi, akakaa, akaitazama meza.

"Muriel, tuache habari za Shetland. Nyumba ibaki."

Hapo mtu angeshukuru Mungu. Muriel ndipo alipoanza kuogopa hasa. Clifford aliyemjua yeye hakuwahi kuliacha wazo mpaka wazo lenyewe limwache, tena mara nyingi na deni juu.

"Umeghairi hivi hivi tu?"

"Hivi hivi tu. Ila kesho ningependa nifike Aberdeen, siku chache. Kuna mtu fulani anauza boti."

Muriel akajipangusa mikono polepole. Aberdeen ndiko zinakoondokea meli za Shetland, na hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. "Boti ya nini, na mwani umeuacha?"

"Boti tu."

"Sikiliza, Clifford. Ukitoka kwenye mlango huo kumfuata mtu fulani wako, usirudi."

Clifford akamtazama kitambo, kama anayetafuta pa kuanzia. Kisha akakubali kwa kichwa. Wiki nzima hakutoka wala hakupiga mbinja. Muriel akampekua mifuko yote ya koti na suruali, akaambulia kamba na peremende za mnanaa. Hilo nalo likamtia shaka, kwa kuwa mtu asiye na kitu mfukoni ni mtu aliyekificha kwingine.

Jumamosi Nora Pickersgill, jirani, akagonga mlango akiwa na keki ya matunda na uso wa msibani.

"Pole sana, shoga. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyefariki. Nimepita na mbwa, nimeona mizinga yenu ya nyuki imefungwa vitambaa vyeusi."

Muriel akaipokea keki ili apate cha kufanya. "Ni mtu wa mbali," akasema.

"Wa mbali hawafungiwi vitambaa, Muriel. Ni wa nyumbani tu, hata wewe unajua."

Alijua mila ya pale. Nyumba ikifiwa, mtu huenda kwenye mizinga na ufunguo wa mlango, akaigonga taratibu, akawaambia nyuki nani amekufa, akafunga kitambaa cheusi. Wasipoambiwa, watahama au watakufa. Clifford, mtu wa mjini, aliwahi kuyacheka hayo. Mwaka alipokufa baba yake Muriel, Clifford alikataa kwenda kuwaambia, na majira ya kuchipua yalipofika mizinga yote ilikuwa mitupu. Tangu hapo hakuna aliyewaheshimu nyuki kama yeye. Na asali ndiyo biashara yake pekee iliyowahi kuwalisha.

Muriel akapanda mteremko wa nyuma ya nyumba. Clifford alikuwa amekaa juu ya kreti karibu na mizinga, kofia mkononi.

"Nani amekufa, Clifford?"

"Inga."

"Ndiye mwanamke wako?"

"Ni binti yangu." Akaigeuza kofia. "Alizaliwa kabla sijakujua. Hata mimi sikujua, mpaka nilipokwenda mara ya pili. Siku moja akaja dada mmoja dirishani kununua soseji, nikaona pua yangu usoni pake. Mwaka huu akaugua, ugonjwa mbaya. Nilitaka niwe karibu."

"Na mwani?"

"Hakuna mwani. Sijui hata unavunwaje."

Muriel aliona aibu, kisha hasira ikaja juu ya aibu, na hakujua aishike ipi. Mwanamke aliyemchukia miaka yote ile alikuwa mtoto wa mtu, mgonjwa kitandani. Nyumba yake imepona kwa sababu binti huyo hakupona.

"Umewaambia nyuki kabla yangu."

"Nyuki sijawahi kuwadanganya, Muriel. Wewe ningekuambia, ungeniamini? Kila nikifungua mdomo nikuambie, anatoka mtu fulani."

Muriel alikuwa mwanamke wa vitendo, akashika alichokiweza. "Haya, inuka. Kavae koti zito, kule baridi. Treni tutaiwahi, na meli tutaipata kesho. Nami nakuja, na usinibishie. Mazishi ni lini?"

Clifford hakuinuka kwenye kreti.

"Yalikuwa Alhamisi," akasema.

Muriel akaikumbuka Alhamisi. Asubuhi ile Clifford aliteremka ngazi amevaa suti yake ya harusi na tai nyeusi, akakaa dirishani mpaka mchana. Yeye Muriel, akipita na sahani, alimuuliza kama leo mtu fulani anakuja mwenyewe. Clifford alisema hapana, leo haji, akaomba chai nyingine.