Rangi Nyekundu ya Bi Tomasa

Harufu ya sufu iliyoloa bado hunirudisha kwenye ukumbi mmoja wa hoteli kule Dubai Marina, nilipokuwa na miaka tisa. Mama yangu, Mzanzibari, alikuwa akifanya usafi pale. Shule zilikuwa zimefungwa na hakuwa na wa kumwachia mtoto, basi nilikaa pembeni na daftari langu, nimeonywa nisiguse kitu.

Wiki ile alikuja Bi Tomasa, mama wa Kizapoteki kutoka Oaxaca, huko Meksiko. Alikuja kuwaonyesha watu jinsi kwao wanavyofuma mazulia na kuitia sufu rangi za mimea na wadudu. Alikuwa mfupi, nywele kazisuka pamoja na utepe, na viganja vyake vilikuwa vyekundu hadi kwenye mikunjo. Siku moja kabla ya maonyesho aligundua kwamba kifurushi chake kimoja hakikufika. Bila ya kilichokuwemo, rangi isingeshika. Ingetoka na maji.

Madam aliyesimamia maonyesho akamwambia mkalimani wa Bi Tomasa, "Mwambie atumie rangi za dukani. Wageni watapiga picha tu, basi, khalas."

Bi Tomasa akaweka mikono mapajani. Mkalimani akatafsiri jibu lake polepole: "Anasema hakuvuka bahari kuja kudanganya watu."

Kilichohitajika, mkalimani alieleza, ni jiwe jeupe linalong'aa. Ukililamba, mdomo unakunjamana. Jina lake hakulijua. Bi Tomasa akaukunja uso mzima kutuonyesha, nami nikacheka. Mama akaacha kupiga deki.

"Shabu hiyo!" akasema. "Si ile ya vinyozi? Mbona kule sokoni Al Ras imejaa tele!"

Alipotoka kazini tulipanda metro hadi Al Ras, tukapita kati ya magunia ya mdalasini na ndimu kavu, tukarudi na mfuko wa shabu. Bi Tomasa alilamba kipande, akakunja uso, kisha akamkumbatia mama bila kumngoja mkalimani.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Bi Tomasa aliniita, akanitilia kiganjani vidudu vikavu vya kijivu, vinavyoishi kwenye dungusi kakati, mmea wenye miiba, akavisaga kwa kidole. Ikatokea rangi ya damu ya mzee. Akakamulia ndimu, ikawaka kama chungwa lililoiva. Akanyunyiza majivu, ikawa zambarau. Watu wazima walishangaa kama watoto. Sufu ilitoka chunguni nyekundu, akaisuuza mbele yao, na mara ya tatu maji yakatoka safi. Mama alizoea kusema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Siku ile niliviona vikiundwa.

Mgeni mmoja akamuuliza kama haogopi kuibiwa siri. Akacheka. "Bibi yangu alinifundisha ili nami nifundishe."

Kisha akamshika mkono mama, aliyekuwa bado na sare yake ya usafi, akamsimamisha mbele. "Dada huyu ndiye aliyeishikisha rangi hii," mkalimani akatangaza. Makofi yakalia. Mama alisimama wima, machozi yakimlenga, na mimi nikajificha nyuma ya zulia lililotundikwa.

Niliona haya kwa sababu watu wote walikuwa wakimtazama mama. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba alikuwa amefanya kazi katika ukumbi ule miaka minne, na siku ile ndiyo kwanza walimwona.