Tekla na Matairi Mapana ya Velji

Asubuhi ile mke wangu Tekla aliniambia shati nimelivaa kinyume. Nikavua, nikageuza. Tukala viazi vitamu kwa chai ya rangi. Akalalamika chai ina majani mengi, maana niliipika mimi. Hayo tu. Kesho yake nilimpeleka hospitali, Kitete. Siku ya tatu nilirudi peke yangu.

Majirani wanamkumbuka mama wa karanga. Karanga aliuza uzeeni. Kabla ya hapo, miaka kumi na moja, alikuwa fundi wa matairi katika gereji ya Bwana Ebrahim, hapa Tabora. Nataka wajukuu wajue alivyoanza.

Aliingia pale kufagia, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Akifagia, anatazama. Mafundi wakichoka, anawasaidia kubandua tairi. Mwaka wa pili Bwana Ebrahim akampa kazi ya peke yake. "Tekla, hii ukiiweza, fagio basi. Ukikosea, unarudi kufagia."

Kazi yenyewe ilikuwa gari la Velji, kijana wa duka la vitambaa. Gari dogo la mbio, milango miwili. Jumapili kulikuwa na mashindano ya kwenda Urambo na kurudi, na Velji alisema kila kona nyuma ya gari inachepuka, inataka kutangulia. Akaagiza matairi mawili mapana ya nyuma, na rimu zake. Yakaja na treni.

Jumamosi mchana nilimpelekea Tekla uji, kwani mimi nilikuwa zamu ya usiku stesheni. Nikakuta ameshayafunga. Gari limetanua matako kama bata. Akapitisha vidole viwili kati ya tairi na madigadi, lile bati linalolifunika kwa juu, vikapita. Akasema, "Tayari."

Masolwa, mtu mnene aliyekuwa akikaa kando ya Velji mashindanoni kumwelekeza njia, aliniona na kopo la uji.

"Baba Imakulata, siku hizi wewe ndiye mama?"

"Na wewe ukipata wa kukuletea, uje utuambie," Tekla akamjibu. Watu wakacheka.

Velji akashika usukani, akawasha gari, na Masolwa akaingia upande wa pili. Gari likalala upande wake. Hapo Tekla akaacha kucheka.

"Bwana Velji, zima."

"Kuna nini, ndugu fundi?" Siku zile kila mtu alikuwa ndugu, ila yeye alisema kwa utani.

"Nimepima gari tupu. Kesho haliendi tupu. Na kwenye kona litalala kuliko hivi."

"Vidole si vimepita? Wote tumeona."

"Vimepita likiwa tupu."

Bwana Ebrahim akatoka ofisini. "Umesema tayari, hukusema?"

"Nimesema."

"Sasa?"

Nilimkonyeza Tekla anyamaze. Mungu anisamehe. Nilifikiri labda halitagusa, na yeye alikuwa ameitaka sana kazi ile.

Hakunitazama. Akalichukua kopo mkononi mwangu, akachota uji, akaupaka ukingo wa ndani wa madigadi, kushoto na kulia.

"Mama, gari halili uji," Velji akasema.

"Leo litakula. Zunguka uwanja, kata kona kwa nguvu, na huyo mnene wako ndani."

Velji akazunguka mara mbili. Vumbi likatufunika. Aliposimama, Tekla akainama, nasi tukainama nyuma yake. Tairi la kushoto lilikuwa na mstari mweupe ubavuni, umelizunguka lote. Ukingo ule ulikuwa bati kali. Kwa mbio za barabarani ungelichana tairi katikati ya kona, na Velji na Masolwa wakiwa ndani.

Masolwa alitoka garini taratibu. Velji hakufanya utani tena. Ilibidi ukingo ukunjwe juu kwa nyundo, pole pole bati lisipasuke, kazi ya kufika usiku.

Bwana Ebrahim aliutazama uji ule kwenye tairi, akamtazama mke wangu.

"Nilikuambia nini juu ya kukosea?"

Tekla akafuta mikono kwenye kanga. Alisema hivi, sijaongeza wala kupunguza: "Jumatatu nirudishe kwenye fagio, Bwana Ebrahim. Leo nipe nyundo, huyu kesho ana kona."